Jumla Husomwa Mara Moja

Izimbya, 14 Oktoba 2024

Mpwa wangu Renatha,

Nakusalimu, nikiamini kwamba shule ya Muleba imekupokea vizuri baada ya likizo fupi. Sisi tuko wazima kwa kiasi chetu. Mkaza mjomba wako, Ma Klaudia, analalamikia goti, lakini bado ndiye anayeanika kahawa na ndiye anayewafukuza kuku. Mnyauko umeingia tena upande wa chini wa kibanja. Nimekata migomba iliyougua na kuifukia.

Barua yako ya Juni nairudisha humu ikiwa imesahihishwa; nimestaafu shule, sijastaafu ualimu. Alama za mkato si chumvi ya kunyunyiza.

Siandiki kwa ajili ya hayo. Sikio langu la kulia limekufa na la kushoto linalifuata, na jambo hili halifai kupigiwa kelele kwenye simu huku majirani wakisikiliza. Tarehe pili tulimzika mzee wetu Ta Avit wa bondeni. Unaujua utaratibu wa chama chetu cha kuzikana: ujumbe ukishatumwa, kila kaya hufika au humtuma mtu, na asiyeweza hutoa udhuru. Mama yako hakufika, hakutuma mtu, wala hakutoa udhuru. Alikuwa ameandikishwa asubuhi ileile kwa simu, akiwa kwake mjini, Buhembe. Katibu wetu Kokubanza aliingiza jina lake katika ile programu uliyotutengenezea, na anasema kompyuta ilimwonyesha kwamba kaya imeongezeka. Kwa hiyo ujumbe aliupata. Ameomba mwenyewe kurudi kwetu baada ya miaka mingi, na msiba wa kwanza ameukosa.

Kikao ni Jumapili ijayo. Mwulize anajibu nini, unijulishe. Nikimwuliza mimi atanijibu kama dada, nami ni mwenyekiti.

Barua hii ameibeba Isaac wa lori la ndizi.

Mjomba wako,
Datius Rugaibula


Muleba, 27 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo,

Natumaini goti la Ma Klaudia limepata nafuu. Mimi ni mzima. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Nusu yao wanaipenda, na nusu wanaipenda kwa sababu siku ya kompyuta hawaendi kufyeka.

Lori la Isaac liliharibika, barua ikakaa gereji wiki nzima. Nimeipata Jumapili ya kikao ikiwa imekwisha kupita. Jana nilikwenda Buhembe. Nilimkuta mama kwenye cherehani yake, nikamwuliza kama ulivyoniagiza. Alifungua simu akanipa, nikasoma ujumbe wote wa mwezi huu. Wa chama haumo. Habari za Ta Avit alizipata sokoni, siku nne baada ya mazishi, akalia palepale mbele ya muuza dagaa. Ananiambia kwamba tangu atume jina lake alikuwa akiiweka simu juu ya cherehani ili asikose neno lolote kutoka Izimbya.

Mjomba, mama hadanganyi, na Kokubanza naye simdhanii uongo. Niruhusu niichunguze programu. Mwambie Kokubanza anitumie nakala kama ilivyo, asibadilishe kitu. Na kama kikao hakijaamua, naomba kisubiri.

Mpwa wako,
Renatha


Izimbya, 9 Novemba 2024

Mpwa wangu Renatha,

Salamu zako zimefika. Mvua ni nzuri, maharage yamechipua. Senene wameanza kuanguka, na watu wazima wanakimbia na ndoo kama wehu. Ma Klaudia amemwekea mama yako kopo moja, waliokaangwa. Mimi sijui lolote kuhusu kopo hilo.

Kikao kilikwisha kukaa. Ishengoma alisimama akasema, "Watu wa mjini wanataka kuzikwa na sisi, kuzika hawataki." Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakanitazama mimi.

Imeamuliwa kwamba mama yako akae nje misiba mitatu. Kwa kuwa wewe hujawahi kuwa mwanachama, nakueleza. Anayekaa nje hufika msibani kama wengine, lakini hukaa kando ya uzio, hashiki jembe, hamenyi ndizi, hali, wala hasemi na mtu. Akimaliza hurudishwa, na siku yake ikifika atachimbiwa kaburi na kulipiwa machozi, yaani rambirambi ya chama, kama mwanachama yeyote. Akifa kabla ya kumaliza, chama hakimjui.

Nilimpelekea taarifa kwa maandishi. Alijibu kwa mstari mmoja: "Nitakaa." Ujumbe wa msiba uliofuata umemfikia bila tatizo, lakini alikuwa na homa, akatoa udhuru, kwa hiyo hesabu yake bado haijaanza.

Nakala ya programu Kokubanza atakutumia, ingawa sioni itatufaa nini. Mashine ilimhesabu.

Mjomba wako,
Datius


Muleba, 1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo,

Mimi ni mzima, mitihani imekwisha. Kopo ambalo hulijui lilifika Buhembe na halikulala.

Nimeona kilichotokea, nami nitakieleza polepole ili uweze kuwaeleza wengine.

Katika programu kuna orodha ya kaya, na kuna namba niliyoiita jumla, yaani idadi ya kaya zilizomo. Mstari unaoanzisha kazi ni huu:

for i in range(jumla):

Maana yake ni kwamba kazi iliyo chini yake irudiwe kwa idadi ya jumla, na kila zamu itume ujumbe kwa kaya moja. Kutuma kwa kaya zote huchukua muda mrefu, kwa hiyo niliongeza kitu ambacho nilijivunia. Ndani ya kila zamu, programu hutazama kama katibu ameingiza kaya mpya. Ikiwapo, huiweka mwishoni mwa orodha na kuongeza moja kwenye jumla. Niliamini kwamba jumla ikikua, mzunguko nao utarefuka hadi umfikie mgeni.

Haurefuki. Python inapofika kwenye mstari ule husoma jumla mara moja tu, kabla ya zamu ya kwanza. Hapohapo huweka mfuatano wa namba, kuanzia sifuri hadi moja pungufu ya jumla, na baada ya hapo hairudi kuuliza jumla imekuwa ngapi. Nilijaribu mbele ya wanafunzi. Niliweka jumla kuwa tatu, na ndani ya zamu ya kwanza nikaifanya kumi. Zamu zilikuwa tatu. Mzunguko ulipokwisha tuliiuliza jumla, ikajibu kumi. Mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, basi imetusikia, ila imetudharau." Darasa zima lilicheka, nami nikatoka nje.

Ndicho alichokiona Kokubanza. Jumla ilikua kweli, na hakukosea kuiamini. Alimwingiza mama wakati ujumbe wa Ta Avit ulikuwa unatumwa. Jina la mama lilikuwamo katika orodha, namba yake ya simu ilikuwamo, lakini zamu yake haikuwapo. Msiba uliofuata ujumbe ulimfikia kwa sababu safari hiyo alikuwamo kabla mstari ule haujasomwa. Ningeandika kwa while, ambayo huliuliza sharti lake upya mwanzoni mwa kila zamu, mama angepata habari na angekuja.

Nimeirekebisha, na nakala mpya anayo Kokubanza. Kosa ni langu mimi niliyeiandika. Mama hana kosa. Naomba uwasomee wanachama barua hii kama ilivyo.

Mpwa wako,
Renatha


Izimbya, 12 Januari 2025

Mpwa wangu Renatha,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tuliila kimya kimya, kwa kuwa goti la Ma Klaudia lilimzuia kwenda kanisani na mimi sikutaka kwenda peke yangu. Kahawa iliyobaki tumeiuza.

Nimechelewa kukujibu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nimeielewa kuliko unavyodhani. Ni kama Ma Klaudia anapopika. Huwahesabu watu waliopo, humenya, hufunika sufuria kwa majani ya mgomba. Mgeni anayeingia baadaye huhesabika miongoni mwa wageni, lakini hahesabiki miongoni mwa ndizi. Umeieleza vizuri, na alama za mkato zimekaa mahali pake.

Kuhusu kuwasomea wanachama, kikao cha Desemba kilikuwa na mambo mengi. Tena fikiri wewe mwenyewe. Mwenyekiti asimame aseme kwamba dada yake hana hatia. Shahidi ni mpwa wake. Ushahidi ni mstari wa Kiingereza ambao hapa hakuna anayeusoma. Unadhani Ishengoma atasema nini? Mama yako mwenyewe amekubali. Misiba mitatu si mingi. Watu wanakufa.

Mjomba wako,
Datius


Muleba, 2 Februari 2025

Mjomba, shikamoo,

Salamu kwa Ma Klaudia. Kwangu hakuna jipya, shule imefunguliwa.

Mama amekwisha kukaa msiba wa kwanza, na najua ulimwona. Nilimsindikiza hadi njia panda, nikamsubiri huko kwa kuwa mimi si mwanachama. Aliporudi midomo ilikuwa imekauka. Alikaa tangu asubuhi hadi watu walipotawanyika, na hakuna aliyethubutu kumpa maji, kwa sababu mwenyekiti alikuwa akitazama.

Alinikataza kukuambia hili, nami nakuambia. Miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Daktari anasema ni moyo, na kwamba apumzike. Nilimwomba aache mambo ya chama. Alinijibu, "Nikimaliza nitakuwa mtu wa kwetu tena. Sitaki kufukiwa na watu waliokodiwa." Anataka kulala kwenye kile kipande cha kibanja alichoachiwa na babu, na anataka kuchimbiwa na watu aliokua nao. Hana jingine analolitaka, Mjomba. Nimemwuliza kwa kila namna.

Hata Python ina amri ya kuukatisha mzunguko kabla haujafika mwisho wake. Inaitwa break. Anayeitumia havunji kanuni ya lugha. Amri hiyo imo ndani ya kanuni, na iliwekwa kwa sababu waliotunga lugha walijua kwamba katikati ya kazi mtu anaweza kugundua jambo ambalo hakulijua alipoanza. Hesabu ya mama ilisomwa siku moja ya Oktoba, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuuliza kumetokea nini.

Wasomee barua. Wakikataa, watakuwa wamekataa wao.

Mpwa wako,
Renatha


Izimbya, 30 Machi 2025

Mpwa wangu Renatha,

Nakusalimu. Mvua ni nyingi mno, na njia ya bondeni imekatika.

Jumanne tulimzika Mzee Privatus. Mama yako alifika, akiwa amevaa kandambili za kiume. Mvua ilinyesha wakati wa kushusha jeneza, watu wakaingia chini ya turubai. Yeye alibaki kando ya uzio. Nilipita karibu naye nikiwa nimeshika jembe. Hakunisalimu, kwa kuwa kanuni inakataza, nami sikumsalimu.

Umebaki mmoja.

Kikao cha Machi kiliahirishwa kwa sababu ya kupanda. Cha Aprili nitaona. Ma Klaudia hasemi nami vizuri siku hizi. Anaweka chakula mezani, anaondoka.

Mjomba wako,
Datius


Muleba, 25 Mei 2025

Mjomba, shikamoo,

Nampa salamu Ma Klaudia, na namshukuru kwa siku zote alizolala na mimi chini kwenye majani baada ya kumzika mama. Nimerudi kazini.

Pale msibani tulizungukwa na watu, na sikutaka kusema. Sasa nasema.

Walikuja wote. Mama alifariki mchana, na jioni ileile uliwaita wanachama, mkakaa, na kabla chai haijachemka hukumu ilikuwa imefutwa. Asubuhi kaburi lilikuwa limechimbwa mahali alipopataka. Ua ulijaa mikungu ya ndizi, wanawake walimenya, wanaume walipokezana majembe, hakuna hata mtu mmoja wa kukodiwa. Alizikwa kama alivyotaka kuzikwa. Nilisimama nikawatazama, na kila mtu aliyekuja kunipa pole nilimwona kando yake mama akiwa amekaa kwenye mvua na kandambili zangu za bafuni, ambazo zilikuwa za marehemu baba.

Ta Ishengoma alinijia akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Alisema, "Mwanangu, barua yako tumesomewa jana. Kwa nini hukutuandikia mapema?"

Nikamwambia, "Niliandika Desemba."

Alitazama upande ulikokuwa wewe. Kisha aliniambia jingine, akidhani nalijua: kwamba Oktoba yeye alipendekeza msiba mmoja tu, kwa mzaha na kwa onyo, na kikao kilikuwa kimekwisha kukubali. Mitatu ilisemwa na mwenyekiti.

Mama alikaa msiba mmoja Januari. Kwa hesabu ya Ishengoma, angekuwa mtu wa kwao tangu siku ile, na Machi angebaki kitandani.

Sikuulizi kwa nini. Naogopa utanijibu kwa ufasaha.

Renatha


Izimbya, 20 Julai 2025

Mpwa wangu Renatha,

Nakusalimu. Hii ni barua ya pili; ya Juni hukuijibu, na ni haki yako. Kahawa imeiva, na mwaka huu naichuma mwenyewe, kwa kuwa goti la Ma Klaudia limekataa. Majani tuliyopanda juu ya kaburi yameshika.

Sitajitetea. Nitakuambia tu ilivyokuwa, kwa sababu ulisema huulizi na najua unauliza. Ishengoma aliposema mmoja, watu walikubali upesi, na katika wepesi ule niliona kwamba wananipendelea mimi. Nikatafuta namba ambayo hakuna mtu angeweza kusema kwamba ni ya dada. Ilikuwa hiyo tu. Barua yako ilipokuja nilikuwa nimekwisha kusifiwa kwa ile namba. Walinisifu hata kanisani.

Uenyekiti nimeuacha. Kokubanza ndiye anayeongoza, na anaongoza vizuri.

Jumatano tulimzika Ma Evodia. Nilikaa nje. Hakuna aliyeniamuru. Nilikaa pale alipokaa mama yako, kando ya uzio, bila jembe na bila chakula. Ishengoma alikuja mara mbili kuniita. "Mwalimu, inuka," alisema, "unatutia aibu, watoto wanatazama." Sikumjibu, kwa kuwa anayekaa nje hasemi. Waliponiletea maji niliyakataa. Jua lilikuwa kali. Sikujua kwamba kutoka pale mtu huwaona watu wote migongo.

Ulikuwa umebaki msiba wa tatu. Nimeukaa mimi. Sasa hesabu ya mama yako imekamilika.

Mjomba wako,
Datius


Muleba, 3 Agosti 2025

Mjomba, shikamoo,

Nimefurahi kusikia kwamba majani yameshika. Mwambie Ma Klaudia asipande kilimani. Nitamtumia dawa ya kuchua kwa Isaac. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeisoma darasani, wanafunzi wakiwa wametoka. Nimeamini kila neno. Lakini neno la mwisho si kweli.

Hesabu haikukamilika, kwa sababu haikuwapo. Mama hakuwa na msiba wa tatu wa kukaa. Hakuwa na wa pili, wala wa kwanza. Ile miwili aliikaa kwa sababu ya mstari wangu na namba yako. Ukikaa wa tatu kwa niaba yake, unawaonyesha watu wa Izimbya kwamba kulikuwa na kitu kilichobaki, na wewe, kaka mwema, umemmalizia.

Usikae nje tena. Msiba ujao uingie chini ya turubai pamoja na wenzako. Ushike jembe kama utaliweza, ule watakachokupa. Na watakapokuwa wamekaa kimya, usimame. Huna haja ya kuwaeleza Python. Waambie Verdiana hakukosa, na kwamba ulijua tangu Desemba. Useme kwa sauti, kwa kuwa wewe husikii vizuri na unaweza kudhani umesema.

Sitakuja Izimbya kwa sasa. Siku nitakapokuja sitaanzia kwako. Nitaanzia kwa Ta Ishengoma, nimwulize alikusikia ukisema nini.

Mtoto wa Verdiana,
Renatha